Pasi, Si Goli: Mpira na Toba katika Filamu Ngumu za Uingereza

Ndugu zangu mnaoshika kamera, mnaoandika skripti na mnaohariri, karibuni.

Tarehe 9 Januari 1993, Old Trafford, Manchester United wanacheza na Tottenham. Eric Cantona, Mfaransa wa United, ana mpira, mabeki wamejipanga mbele yake. Anaudokoa juu ya vichwa vyao, unamdondokea Denis Irwin aliyekuwa amekwisha kuanza kukimbia. Irwin anafunga. Mechi inaisha 4–1. Miaka 16 baadaye mwongozaji Mwingereza Ken Loach anatoa filamu ya Looking for Eric, na ndani yake mgawa barua mmoja wa Manchester anamuuliza Cantona mwenyewe: katika yote uliyoyafanya uwanjani, lipi lilikuwa tamu kuliko yote? Mgawa barua anayataja magoli, moja baada ya jingine. Cantona anatikisa kichwa. Halikuwa goli, anamwambia, ilikuwa pasi. Ile ya Irwin.

Jibu hilo limebeba siri ya aina nzima ya filamu, na ndilo nitakalolizungumzia. Katika filamu kavu za Uingereza zinazomweka mtu aliyeharibikiwa karibu na mpira, mtu huyo haokolewi na goli la dakika ya 90. Akiokoka, kaokoka kwa sababu ameweza kumwachia mwenzake mpira. Akizama, mara nyingi amezama kwa sababu hiyo hiyo. Mkilishika hilo, maswali ya kiufundi ambayo mmekuwa mkiyaleta, kamera ikae wapi, jezi zichafuliwe vipi, kipa aambiwe nini, yanapata majibu yake.

Tuanze na kazi ngumu zaidi. My Name Is Joe ni ya mwaka 1998, Loach akiwa na mwandishi Paul Laverty, na ilipigwa Glasgow. Peter Mullan aliyemwigiza Joe Kavanagh aliondoka Cannes mwaka huo na tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Joe ni mlevi aliyeacha. Hana ajira. Anafundisha timu ya mtaani ambayo, tusidanganyane, ni mbovu. Wachezaji ni vijana wasio na kazi, wengine wana kesi, wengine wana madeni. Kocha wa timu kama hiyo hana muda wa kupanga mfumo wala kuchora mishale ubaoni. Anazunguka na kigari mlango kwa mlango, anapiga honi, anawatoa watu kitandani, anahesabu kama wametimia. Ni katika kumfuata mchezaji wake Liam ndipo anapokutana na Sarah, mhudumu wa afya anayetembelea familia zenye watoto wadogo.

Mtazamaji anacheka katika sehemu hizo za kigari. Ninyi waandishi msicheke tu, hesabuni. Kila mlango anaogonga Joe ni ahadi imetimizwa na mtu ambaye zamani ahadi zake hazikuwa na thamani hata ya chupa tupu. Kanuni ninayowapa ni hii: ahadi ndogo itimizwe mbele ya macho yetu angalau mara mbili kabla haijavunjwa mara moja. Skripti nyingi zinazonifikia zinaanza na kuvunjika. Baba anarudi amelewa ukurasa wa kwanza, analewa tena ukurasa wa nne, halafu mwandishi anashangaa kwa nini hatuumii akilewa ukurasa wa 80. Hatuumii kwa sababu hakuna kilichopotea.

Ungamo nalo lina mahali pake. Joe anamweleza Sarah kwamba alipokuwa mlevi alimpiga vibaya mwanamke aliyekuwa naye. Jambo hilo halikuwekwa mwanzoni, ambapo tungemhukumu tukamaliza, wala halikuhifadhiwa hadi mwisho, ambapo tungehisi tumetapeliwa. Limewekwa baada ya sisi, pamoja na Sarah, kuwa tumekwisha kumpenda, kwa hiyo linatukuta tukiwa na kitu cha kupoteza.

Halafu inakuja hesabu yenyewe. Liam anadaiwa na McGowan, kigogo wa dawa za kulevya, na deni hilo halisubiri. Joe anakubali kulifuta kwa kuendesha gari mara mbili kuchukua mzigo. Tazameni alivyotegwa. Tabia ile ile iliyokuwa inamsimamisha, ya kutomwacha mchezaji wake nyuma, ndiyo inayomtumbukiza. Sarah akijua, anaondoka. Joe anarudi kwenye chupa. Liam anajinyonga. Laverty hakuhitaji kuleta ajali wala ugonjwa kutoka nje ya hadithi. Alikifunga kile kilichomwinua Joe kwenye kile kitakachomwangusha, akakaza fundo. Fundo lenu likihitaji mvua, simu iliyopotea au ndugu aliyetoka ughaibuni ghafla, bado halijakazwa.

Sasa twende uwanjani. Loach hupiga filamu zake kwa mfuatano wa hadithi: tukio la kwanza siku ya kwanza, la mwisho siku ya mwisho, na waigizaji hupewa kurasa kidogo kidogo, wasijue yanayokuja. Prodyuza yeyote atawaambia kuwa hiyo ni njia ya gharama. Ratiba ya kawaida inataka nyumba ya mhusika ipigwe yote kwa mkupuo, siku mbili au tatu, kisha mnahama. Kwa mfuatano, nyumba ile ile mtairudia mara tano, na kila mara mnalipia upya usafiri, taa, kibali na chakula.

Lakini kwa mpira mfuatano una faida moja ambayo watu huisahau, nayo ni matope. Mechi ya ligi ya mtaani Uingereza ni mechi ya tope. Mchezaji anaanza msafi, dakika ya 20 ana goti jeusi, mapumziko mgongo umechafuka, mwisho hata namba haisomeki. Ukipiga kwa mfuatano, uwanja unakufanyia kazi hiyo bure. Usipopiga kwa mfuatano, andaa seti tatu za jezi: safi, ya mapumziko, ya mwisho. Wachezaji 11 na wa akiba watatu ni 14, mara tatu ni jezi 42, na timu pinzani pia ni 42, bila kuhesabu kaptula na soksi. Mpige picha kila mchezaji mbele na nyuma kamera inapozimwa. Tope likikauka hubadilika rangi, linakuwa jivu, kwa hiyo mtu wa mavazi atembee na chupa ya kunyunyizia maji, alowanishe kabla ya kila teki, yaani kila mara tukio linaporekodiwa. Kosa linalotokea sana ni winga wa dakika ya 80 mwenye goti jeupe. Mtazamaji wa mpira ataliona kabla hajauona uso wa mwigizaji wako.

Na mwanga. Glasgow mwezi Desemba jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Hapo una chini ya saa saba, ukiondoa chakula, sala na mvua. Shoti za mbio ziwe asubuhi, maana mtu asiye mchezaji wa kulipwa akikimbia na kusimama kwa saa nne, misuli inamkaza. Mazungumzo ya pembeni ya uwanja yasogezwe mchana. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu mazungumzo yanaonekana rahisi kuanza nayo, halafu saa nane mchana wana watu 22 wanaochechemea na giza linaingia.

Mechi yenyewe msianze na goli. Waacheni wacheze kweli dakika 20, kamera mbili zikiwa upande mmoja wa uwanja. Upande mmoja, narudia. Mstari wa kufikirika unaounganisha magoli mawili msiuvuke, la sivyo katika uhariri timu zinabadilishana mwelekeo na hakuna anayejua nani anashambulia wapi. Kamera ya kwanza ikae pembeni, kimo cha kiuno, lensi ndefu ya milimita 135 hadi 200. Lensi hiyo inawabananisha watu, inafanya tope na pumzi vijae fremu, na wachezaji wanaisahau kwa kuwa iko mbali. Ya pili iwe nyepesi, lensi pana, karibu na benchi. Msipande jukwaani. Picha ya kutoka juu ni ya televisheni, na mtazamaji akiiona anaanza kutafuta matokeo na kumsahau mtu.

Mwigizaji asiyejua mpira anajulikana kwa macho. Anautazama mpira muda wote. Mchezaji halisi huchungulia begani kabla mpira haujamfikia, anajua tayari beki yuko wapi. Mfundisheni mwigizaji wenu kuchungulia hivyo kwa wiki mbili na mtakuwa mmeficha nusu ya udhaifu wake. Nusu nyingine ifichwe kwa mguu wa mtu mwingine, lakini njumu ziwe za rangi moja na kamba zifungwe vile vile, na mkato ufanyike pale anapotazama chini.

Kipa ndiye anayeharibu magoli mengi ya filamu. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kipa akijua mpira unakwenda kulia, mwili wake unaanza kwenda kulia kabla mguu wa mpigaji haujagusa mpira. Hata mtoto wa miaka tisa kwenye kibanda umiza atanong'ona kwamba hapo wamepangana. Dawa ni kutomwambia kipa chochote. Mpigaji peke yake aambiwe pembe, mikwaju ipigwe kumi, mchukue mmoja au miwili iliyokubali. Na kipa akidaka yote kumi, labda skripti ndiyo inayopaswa kubadilika.

Kuna mechi moja iliyopuuza karibu haya yote na bado haina mfano, ile ya somo la michezo katika Kes, filamu nyingine ya Loach, ya mwaka 1969, iliyopigwa Barnsley. Mwalimu wa michezo, Brian Glover, ambaye nje ya kamera alikuwa mwalimu kweli na mpiga mieleka pia, anajifanya Bobby Charlton, nyota wa Manchester United. Anachagua timu, anacheza na ni refa wa mechi hiyo hiyo. Anapiga penalti, inadakwa, anaamuru irudiwe. Matokeo yanaandikwa kwenye skrini kana kwamba ni Manchester United na Spurs, yaani Tottenham, kwenye televisheni. Mnacheka hadi mechi inapoisha na Billy, kijana mwembamba aliyewekwa golini, anafungiwa bafuni chini ya maji ya baridi. Kamera pale ilikuwa inapima nani ana mamlaka juu ya nani. Mpira ulikuwa rula tu.

Filamu za magenge ya washangiliaji nazipita haraka. Ile The Firm ya Alan Clarke, mwaka 1989, Gary Oldman akiwa wakala wa nyumba mwenye familia na silaha, ni kazi kubwa, lakini mpira wenyewe humo ni kisingizio. Nyingi zilizofuata ziliipenda silaha kuliko swali lililoibeba.

Turudi kwa mgawa barua. Looking for Eric inaanza na Eric Bishop akiendesha gari kinyume kwenye mzunguko wa barabara, hadi anagongana. Huyu ni mtu aliyemwacha mke wake wa kwanza, Lily, na mtoto mchanga, na sasa anaishi na watoto wawili wa kambo katika nyumba iliyogeuka ghala la vitu vya wizi. Usiku mmoja anavuta bangi aliyoiiba chumbani kwa mmoja wa watoto hao, anaongea na bango la Cantona lililoko ukutani. Halafu anageuka.

Steve Evets, aliyeigiza nafasi hiyo, hakuambiwa kwamba Cantona yupo kwenye filamu. Aligeuka akamkuta mtu mwenyewe chumbani. Mnaoipenda mbinu hii, angalieni bei yake, maana mshtuko hauna teki ya pili. Kwa hiyo taa zijaribiwe kwanza na mtu mwingine wa kimo hicho hicho. Tundu la lensi lifungwe kidogo, hadi kipimo cha T4 au T5.6, ili uso usitoke kwenye fokasi mtu akirudi nyuma hatua moja asiyoitarajia. Kamera ziwe mbili, moja kwa kila uso. Mchukua sauti asitegemee maikrofoni ya kifuani peke yake, kwa sababu mtu akishtuka hujishika kifua, na mnachopata ni kwaru kwaru ya shati.

Kwa nini Cantona, na si mfungaji mwingine yeyote? Kwa sababu toba yake iko kwenye kumbukumbu za umma. Tarehe 25 Januari 1995, Selhurst Park, baada ya kupewa kadi nyekundu dhidi ya Crystal Palace, aliruka akampiga teke shabiki jukwaani. Chama cha soka kilimfungia hadi tarehe 30 Septemba. Mahakama ilimpa wiki mbili jela, rufaa ikazigeuza kuwa saa 120 za kazi ya jamii, akazitumikia kwa kufundisha watoto mpira. Ndani ya filamu anasema kipindi hicho alijifunza tarumbeta, na anaipuliza, vibaya kidogo, wimbo wa taifa la Ufaransa. Alirudi tarehe 1 Oktoba 1995 dhidi ya Liverpool. Ndani ya dakika chache za mwanzo alitoa pasi, Nicky Butt akafunga. Penalti yake ilikuja baadaye, 2–2. Hata kurudi alirudi kwa pasi.

Hapa niweke onyo kwa mnaotaka kuchomeka mechi za zamani kwenye kazi zenu. Picha za televisheni za miaka ya 1990 zina umbo la 4:3, na za Uingereza zina nusu-fremu 50 kwa sekunde zilizosukwa mstari kwa mstari. Ukizivuta zijaze skrini pana, unakata juu na chini, na mara nyingi kinachokatwa ni mpira wenyewe ukiwa hewani. Ukizisafisha vibaya, mguu unaopiga unakuwa kama chanuo. Ni heri kuziacha kwenye umbo lake na weusi pembeni. Na haki za matumizi huuzwa kwa muda na kwa eneo, kwa hiyo mhariri akate kwanza, ahesabu sekunde, ndipo prodyuza akaongee na wenye mali. Wengi hufanya kinyume, wananunua sekunde 60 na kutumia 11.

Mwisho wa filamu hiyo, mtoto wa kambo amelazimishwa kuficha bastola ya jambazi chini ya sakafu. Eric hawezi peke yake. Anawaambia wenzake wa posta, nao wanajaza mabasi, wote wamevaa barakoa za uso wa Cantona, wanavamia nyumba ya jambazi, wanamwaga rangi, wanampiga video. Kwangu mwisho huo ni mtamu kupita ukweli. Jambazi wa namna ile hurudi wiki inayofuata, na mabasi hayapo. Lakini kwa jinsi ulivyojengwa sina neno, kwa sababu ile pasi ya Irwin sasa inapigwa na mtu asiyejua hata kudokoa mpira, na anayeipokea ni umati mzima. Na barakoa ni ujanja wa bajeti pia: mtu wa ziada asiye na uso anaweza kuonekana mara nne katika mkato mmoja.

Anayeanza na fedha kidogo aangalie mpira wa uwanja mdogo. The Beautiful Game, ya mwaka 2024, aliyoiongoza Thea Sharrock na Bill Nighy akiwa kocha, inahusu Kombe la Dunia la watu wasio na makazi, mashindano yaliyoanza Graz mwaka 2003. Ni laini kuliko za Loach, ina jua la Roma na nyuso safi. Lakini angalieni vipimo: wachezaji wanne kwa wanne, mita 22 kwa 16, vipindi viwili vya dakika saba. Wachezaji wanane wanaingia kwenye fremu moja ya lensi pana, na jezi zinazohitaji kuchafuliwa ni chache mno. Kanuni ya mashindano hayo ni kwamba mtu hushiriki mara moja tu maishani. Mwandishi anayetafuta shinikizo la muda amepewa bure.

Kuhusu ulevi, neno fupi. Mwigizaji mbaya huigiza kulewa, anayumba na kuburuza maneno. Mlevi halisi anafanya kazi ngumu ya kuonekana hajalewa, anashika ufunguo kwa uangalifu uliozidi, anatamka kila silabi. Wiski ya seti iwe chai iliyopoa au sukari iliyounguzwa ndani ya maji, ipimwe rangi dhidi ya chupa halisi mbele ya kamera, na kama mwigizaji mwenyewe ana historia ya pombe, chupa halisi isikanyage seti kabisa, hata ya mapambo.

Na kwa mnaotafsiri. Lafudhi ya Glasgow ni nzito kiasi kwamba My Name Is Joe ilipoonyeshwa Marekani iliwekewa maandishi ya Kiingereza chini. Sisi tukiitia Kiswahili, kishawishi ni Kiswahili cha taarifa ya habari, na kikitumika Joe anageuka katibu kata. Msiogope lugha ya kijiweni. Maandishi yawe mistari miwili, herufi zipatazo 40 kila mmoja, na kwa kuwa vitenzi vyetu ni virefu, ondoeni majina ya kuitana kwanza kabla ya kuondoa matusi. Tusi likitoka, mtu mwenyewe ametoka.

Kesho wengine wenu mnakwenda kupiga mechi ya mazoezi. Mchukua sauti awe na maikrofoni moja nyuma ya goli, moja benchi, na moja mkononi kwa ajili ya njumu, maana mguso wa mguu na mpira ukirekodiwa mbali unasikika kama mtu anayefunga mlango chumba cha pili. Refa akipuliza filimbi ya mwisho, kamera zitataka kuzimwa. Zizimeni. Sauti iachwe dakika tano zaidi. Mtapata nyavu zinashushwa, mtu anagonga njumu ukutani tope litoke, mwingine anauliza nani anafua jezi wiki hii, na kimya kile kabla mmoja wao hajasema: lete, nitafua mimi.